Funda la Kwanza

Ulimibandia, mashine ya kuonja vinywaji, ulishuka taratibu kutoka darini, mwembamba kama unyasi wa fedha, ukagusa wiski iliyokuwa ndani ya glasi, ukatulia. Zilipita sekunde mbili. Kisha sauti yake ya upole ikasikika ukumbi mzima.

"Kimea cha ulezi, cha mwaka wa mvua chache. Kimekaushwa kwa moshi wa miti ya miwati na mianzi mikavu. Miaka kumi na miwili ndani ya pipa. Katika kila wanaume mia, themanini na mmoja wataipenda. Katika kila wanawake mia, kumi na wanne."

Wageni walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa mbele alipaza sauti, "Sasa iulize kama mke wangu ataniruhusu kuinywa!" na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mhandisi Oliva Mwalongo alicheka pamoja nao. Alisimama kando ya meza, mikono ameifunga mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na ulimi ule aliubuni mwenyewe. Kila uliposema neno, alijisikia kama mzazi anayemsikiliza mtoto wake akisoma risala mbele ya shule nzima.

Ilikuwa mwaka 2088, na Njombe lilikuwa jiji ambalo watu walikuja kulitazama. Treni ya sumaku ilitoka Dodoma na kufika kwa dakika arobaini. Mapaa ya nyumba yalikuwa ya vitambaa vinavyonywa ukungu wa asubuhi na kuugeuza maji ya bomba, hata mtu angeweza kuoga na wingu lililopita juu ya kitanda chake alfajiri. Na katikati ya jiji, katika jengo la mbao na kioo, kilisimama Kiwanda cha Ukungu, kilichotengeneza wiski iliyojulikana kutoka Cape hadi Kairo. Hapo zamani watu walidhani wiski nzuri lazima itoke Ulaya. Sasa watu wa Ulaya walipanga foleni kuagiza ya Njombe.

Lakini kilichomleta Oliva hapo hakikuwa wiski yenyewe. Alitaka kujibu swali ambalo watengenezaji wa vinywaji walikuwa wamelijibu kwa kubahatisha tangu zamani: je, wanawake na wanaume hupenda wiski zinazotofautiana, na kama ndivyo, hutofautiana kwa kiasi gani? Kwa mwaka mzima yeye na wenzake walizunguka nyanda za juu, mji kwa mji, wakiwaonjesha watu elfu kumi na mbili. Kila mwonjaji alivaa kikuku-hisi mkononi na kibandiko kidogo chini ya taya. Vifaa hivyo vilipima mate, mapigo ya moyo na mishipa midogo ya uso. "Mdomo unaweza kusema wiski ni tamu kwa kumwonea aibu mwenyeji," Oliva alipenda kuwaeleza wageni. "Mate hayana aibu." Vipimo vyote vililishwa kwenye akili unde, na akili unde ikachora Ramani ya Ladha. Ndani ya ramani hiyo wanawake na wanaume walikuwa kama milima miwili yenye bonde refu katikati. Wanawake walisimama upande wa asali, vanila na matunda. Wanaume walisimama upande wa moshi, pilipili na ukali.

Wageni walipoondoka, Bwana Hosea Kilasi, meneja wa kiwanda, alimfuata Oliva huku akisugua viganja kwa furaha. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda suti za buluu.

"Mwanangu, umetutoa kimasomaso," alisema. "Jumamosi Bwana Ogutu, yule mfanyabiashara wa vinywaji, anakuja kutoka Kisumu kutia saini. Anaupeleka ulimi wako katika miji kumi na moja. Kumi na moja! Nami nitazindua chupa mbili, Ukungu Asali ya kina mama na Ukungu Moshi ya kina baba."

"Asante, baba."

"Na kanuni mpya imeshapita tangu mwezi jana. Kila chupa itaidhinishwa na waonjaji wa jinsia inayoinunua. Wanaume waonje ya wanaume, wanawake ya wanawake. Ni sayansi yako hiyo." Alitoa bahasha mfukoni. "Kwa hiyo Mama Skola anahama tanuri la moshi Jumatatu. Kihudumu kitampelekea barua."

Vihudumu vilikuwa roboti zenye magurudumu zilizobeba kila kitu kiwandani, kuanzia glasi hadi habari. Oliva aliichukua barua akaisoma. Mstari wa pili ulisema: *kwa mujibu wa Ramani ya Mhandisi O. Mwalongo*. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa vizuri, kwa wino mweusi.

"Nitampelekea mwenyewe," alisema.

Skolastika Ngailo, ambaye kila mtu alimwita Mama Skola, alikuwa fundi moshi wa kiwanda kwa miaka thelathini na moja. Wiski huanza na nafaka iliyooteshwa hadi ikawa kimea. Kimea hukaushwa, huchachushwa, huchemshwa ndani ya mitungi mikubwa ya shaba, mvuke wake ukakusanywa, na kinywaji kinachopatikana hulala ndani ya mapipa kwa miaka. Mashine ziliweza kufanya karibu yote hayo. Kilichobaki kwa binadamu kilikuwa moshi wa kukaushia kimea, na uamuzi wa mwisho kwamba pipa limeiva. Kazi hizo mbili zilikuwa za Mama Skola na wanawake sita aliowafunza. Siku hiyo walikuwa watano. Yustina, mdogo wao, alipata barua kama ile mwezi uliopita, akafunga virago akarudi kwao Ludewa. Oliva alisikia kwamba Yustina ameondoka, lakini hakuwa ameuliza sababu.

"Kamwene, mama," alisalimia kwa Kibena akiwa mlangoni mwa tanuri.

"Kamwene. Ee! Mtoto wa Dodoma leo kajua kusalimia!" Mama Skola hakugeuka. Alikuwa akipanga vipande vya mianzi mikavu juu ya makaa, kimoja baada ya kingine. "Pita ndani. Usisimame hapo mlangoni, moshi unapenda wageni."

"Nimeleta barua, mama."

"Najua. Barua njema wanakipa kihudumu. Wewe umekuja na miguu yako, basi hiyo si njema."

Alijifuta mikono, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Wanawake wengine waliacha koleo zao. Mama Skola aliikunja barua, akaiweka mfukoni mwa aproni.

"Kwa hiyo niende kwenye asali."

"Ndiyo, mama."

"Na huku ataonja nani?"

"Wameteuliwa wanaume watatu kutoka idara ya mauzo."

"Mungu wangu," alisema mmoja wa wale wanawake. "Pamoja na yule anayetia sukari vijiko sita kwenye chai?"

Walicheka wote, hata Mama Skola, lakini kicheko chake kilikatika upesi. Aliketi juu ya gunia la kimea. Oliva aliona kwamba mikono yake, yenye alama ndogo za cheche, ilikuwa imelala mapajani bila kazi, naye hakuwahi kuiona hivyo.

"Nina mapipa arobaini kule ghalani," alisema Mama Skola. "Niliyalaza mwaka aliofariki mume wangu. Nilijiambia, yakifika miaka kumi na miwili nitayafungua mimi, nitayaonja mimi, nitayatia alama mimi. Yamefika mwezi huu. Sina ugomvi na mashine yako, mwanangu. Nataka kujua jambo moja tu. Ilimwuliza nani?"

"Watu elfu kumi na mbili. Nusu yao wanawake."

"Wakasema hawautaki moshi."

"Hawakusema kwa mdomo, mama. Miili yao ndiyo iliyosema. Nyuso zilijikunja, mapigo yakapanda."

Mama Skola alivua miwani. Kisha akanyanyuka, akafungua kabati la chuma, akatoa chupa isiyo na nembo na glasi mbili. "Hebu kaa basi. Kabla hawajaniondoa, unywe kitu cha hapa."

Alimimina glasi mbili, moja akampa Oliva. Oliva alipoinua yake, alizuiwa kwa kidole. Mama Skola alipiga funda moja la haraka kutoka glasi yake mwenyewe, uso ukajikunja, macho yakalowa kidogo. "Haya," akasema. "Sasa kunywa."

"Mbona umekunja uso?"

"Limeniunguza."

"Wewe? Miaka thelathini na moja?"

"Funda la kwanza likipigwa papo hapo huunguza kila mtu, hata askofu. Wiski ikimiminwa inatoka na hasira zake. Iache ipumzike, uipashe kwa kiganja, ndipo itakuambia habari zake."

"Sasa kwa nini hukusubiri?"

Wale wanawake walitazamana kama watu waliosikia swali la mtoto mdogo.

"Nisubirije na mgeni ana glasi mkononi?" alisema Mama Skola. "Huku kwetu pombe ikifika mezani, mwanamke aliyepo anaanza. Hata kama imeletwa na mwingine, hata kama imeletwa na roboti. Mama yangu alifanya hivyo kwa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na bibi yangu vivyo hivyo. Ni kumwambia mtu: kunywa, hutakufa. Funda lile si la kuonja. Ni la adabu. Kwenu Dodoma hamfanyi?"

Oliva alitikisa kichwa. Nyumbani kwao hakukuwahi kuingia hata chupa ya divai. Baba yake alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kinywaji kikali kuliko vyote pale kilikuwa chai ya tangawizi.

"Na wanaume?" aliuliza polepole.

"Wanaume wanangoja. Anayekimbilia glasi kabla mwanamke hajaonja, watu watasema hakulelewa. Basi anaishika tu, anapiga soga, anaulizia mahindi ya mwenzake. Mpaka aje anywe, glasi imeshapoa hasira. Unaondoka? Hujanywa!"

Oliva alikuwa tayari yuko mlangoni. "Nitarudi, mama," alisema. "Tafadhali usiniwekee kinyongo mpaka nirudi."

Maabara ilikuwa tupu mchana ule. Oliva aliketi mbele ya kioo cha akili unde, akaomba kumbukumbu ghafi za vikuku-hisi. Alijua alichokuwa akikitafuta, na aliogopa kukipata.

Katika kumbi za kuonjea, mwanamke na mwanamume waliketi meza moja, jirani na jirani, mke na mume, dada na kaka. Kihudumu kilimimina glasi zao kwa wakati mmoja, kutoka chupa moja iliyotoka ghala lenye baridi. Kikuku kilirekodi funda la kwanza la kila mtu, na funda hilo ndilo lililoingia kwenye ramani. Kikuku kilirekodi pia saa ambayo mtu alikunywa. Lakini Oliva, alipokuwa akiandaa hesabu, aliona muda wa kungoja ni takataka tu. Mtu anachelewa kwa sababu anapiga gumzo, hilo linahusu nini na ladha? Kwa hiyo aliiamuru akili unde ipange mafunda yote kana kwamba yalipigwa dakika moja. Aliikumbuka siku hiyo. Aliandika amri ile huku akila karanga, ikamchukua muda mfupi kuliko kuzimenya.

Sasa aliifuta amri hiyo. Muda ukarudi mahali pake.

Wanawake, kwa wastani, walikunywa sekunde tisa baada ya glasi kumiminwa. Wanaume walikunywa baada ya dakika nne na robo.

Alikaa akiziangalia namba zile mbili. Katika sekunde tisa, mvuke mkali wa kileo unakuwa ungali umejaa kwenye mdomo wa glasi. Unaziba pua na kuchoma ulimi, na moshi, ambao ni ladha ya kuvutwa taratibu, unafunikwa na uchungu. Baada ya dakika nne mvuke umetawanyika, wiski imepashwa na kiganja, na moshi unafunguka. Hakuwa amewalinganisha wanawake na wanaume. Alikuwa amewalinganisha watu walioonja wiski iliyofungwa na watu walioonja wiski iliyofunguka. Wanawake elfu sita walikuwa wamefanya ukarimu kwa majirani zao, naye akauandika ukarimu huo kuwa ladha yao.

Bado kulikuwa na njia moja ya kuhakikisha. Watu elfu tatu na ushei hawakuvua vikuku mapema, na funda lao la pili lilikuwa limerekodiwa. Aliomba ramani ichorwe upya kwa mafunda hayo tu, na kwa watu walioyapiga baada ya dakika nne.

Milima ile miwili ilisogeleana, ikaingiliana, ikawa kilima kimoja kipana. Katika wanaume mia, sabini na tisa waliupenda moshi. Katika wanawake mia, sabini na sita. Tofauti ilikuwepo, labda, kama upana wa kidole. Lakini kati ya mwanamke mmoja na mwanamke mwingine kulikuwa na umbali wa bonde zima, na hivyohivyo kati ya wanaume.

Oliva alilia kidogo. Si kwa sababu ya mashine. Alimfikiria Yustina, ambaye hakuwahi hata kuongea naye, akipakia masanduku yake kwenye basi la Ludewa kwa sababu ya amri iliyoandikwa huku mtu akila karanga.

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda ofisini kwa Bwana Hosea na kumweleza yote. Hosea alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, meneja alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Unajua kesho anakuja nani."

"Najua, baba."

"Tutarekebisha baadaye. Mwaka ujao, kimyakimya. Ramani ikikosea kidogo, wiski inabaki ileile."

"Wiski itabaki. Mama Skola hatabaki."

"Nitamwongezea mshahara huko kwenye asali."

"Hajalalamikia mshahara."

Hosea aligeuza kiti. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa ukiingia kwenye mapaa na kutoweka. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya bodi," alisema, "nikasema, yupo binti mmoja wa Kibena aliyekulia Dodoma, hana hata ndevu za kuogopesha watu, lakini mpeni maabara. Walinicheka, Oliva. Nilivimba kichwa siku ulimi wako ulipoongea. Na kesho unataka nisimame nikiwaambia kwamba walicheka kwa haki?"

"Hapana. Nataka niwaambie mimi. Kosa ni langu, halina jina la mtu mwingine." Akasogea karibu na meza. "Hii ni kazi yangu ya kwanza, baba. Nikianza kwa kuficha, nitaficha mpaka nistaafu."

Bwana Hosea alichukua miwani yake, akaipangusa kwa tai kwa muda mrefu. "Mimi sitasema neno," alisema mwishoni. "Lakini sitakuzuia pia."

Jumamosi saa nne asubuhi ghala la mapipa lilijaa watu. Palikuwa na wakubwa wa mkoa, waandishi wa habari, wafanyakazi wote, na Bwana Ogutu mwenyewe, mrefu, mwenye shati la maua na kicheko cha kusikika barabarani. Ulimibandia ulining'inia juu ya meza ukimeta. Mama Skola na wenzake walisimama ukutani, wamevaa khanga zao safi juu ya aproni.

Oliva alipanda jukwaani. Hakuanza na hotuba aliyoiandaa wiki nzima.

"Bwana Ogutu, umesafiri mbali kuja kununua ramani," alisema. "Ramani hiyo ina kosa, na kosa hilo ni langu."

Aliwaeleza kwa maneno mepesi: sekunde tisa, dakika nne na robo, adabu ya mwanamke mezani, amri aliyoiandika. Alionyesha ukutani milima miwili, kisha kilima kimoja. Halafu akaomba vihudumu vipite na glasi. "Hiki si kipimo cha kisayansi," alisema. "Kipimo mmeshakiona ukutani. Nataka tu mkisikie mdomoni. Leo wanawake na wanaume tunywe pamoja, sasa hivi, mara tu inapomiminwa."

Walikunywa. Ghala zima lilikohoa. Afisa mmoja wa mkoa, mwanamume wa miraba minne mwenye kifua cha mpiga mieleka, alitoa machozi, na mwanamke aliyekaa kando yake akampigapiga mgongo. "Pole, baba, ni ya kiume hiyo," akamwambia, na watu wakavunjika mbavu.

"Sasa tusubiri dakika nne," alisema Oliva. "Ishikeni mkononi. Ulizeni habari za mahindi."

Zilikuwa dakika nne ndefu kuliko zote maishani mwake. Alisikia watu wakiongea na kucheka chini chini, asijue wanamcheka yeye au la. Muda ulipotimia walikunywa tena, na safari hii hakuna aliyekohoa. Wanawake wawili watatu walifumba macho. Afisa wa mkoa aliitazama glasi yake kwa mashaka, akaisukuma kando, akaomba ile ya asali.

Bwana Ogutu alikuna kidevu. "Sasa, Mhandisi, nielewe. Mimi nimekuja harusi ama nimekuja matanga?"

"Ulimi wenyewe ni mzima, bwana. Unachokigusa unakitambua. Kisichofaa ni kile nilichoufundisha juu ya watu. Nahitaji mwaka mmoja niwaulize upya, vizuri. Leo hauuzwi."

Manung'uniko yalipita ghala zima. Hosea aliinamisha kichwa. Ogutu akageuka upande wa ukuta. "Ni nani huyo Mama Skola wa hii hadithi?"

Mama Skola alisogea mbele.

"Mama, kuna mapipa arobaini hapa naambiwa ni yako. Hayo ningeyanunua leo. Niambie ukweli: wewe mwenyewe hii wiski ya moshi unaipenda?"

"Siipendi hata kidogo," alisema Mama Skola. "Nyumbani nakunywa ile ya asali, na maji ya moto."

Kisha kicheko kikalipuka kutoka kila pembe, na mtu wa idara ya mauzo akapiga kelele, "Basi mashine ilisema kweli!" Oliva alihisi damu ikimpanda usoni. Hakuwahi kumwuliza. Yeye pia, pamoja na machozi yake yote, hakuwahi kumwuliza.

Mama Skola alingoja watulie, kama anavyongoja moshi mweupe upungue.

"Ilisema ninachokipenda," alisema. "Nani aliiuliza ninachokijua? Daktari wa meno hapendi meno mabovu, lakini mkiumwa mnakwenda kwake. Nipeni glasi ya pipa lile la mwisho, lililo karibu na nguzo."

Akaletewa. Aliishika kwa kiganja, akaizungusha, akangoja. Akanusa, akapiga funda dogo, akalitembeza mdomoni, akatema kwenye ndoo.

"Hili halijaiva."

"Mama," Hosea alinong'ona, "mashine jana imelipitisha."

"Mashine imeona moshi na miaka, na vyote vipo. Lakini moshi huu bado umesimama peke yake, haujakaa na utamu wa ulezi. Siku tuliyokausha kimea hiki kuni zilinyeshewa, nilijua litachelewa. Liache misimu miwili zaidi ya mvua. Mkiliuza leo mtaniaibisha."

Bwana Ogutu aliichukua ile glasi, akaonja, akakunja paji la uso. Akaonja tena. Taratibu akaanza kutikisa kichwa kukubali. "Ni kweli," alisema. "Kuna kitu kinakwaruza nyuma. Nisingelijua mpaka nilipoambiwa." Aliiweka glasi chini. "Mimi nina wauzaji wengi wanaoniambia kila kitu ni kizuri. Leo nimeambiwa mara mbili, na wanawake wawili, kwamba kitu chao bado. Mhandisi, huo mwaka mmoja nakupa. Mama, hayo mapipa nitachukua yale tu utakayotia mkono wako."

Macho yote yalimgeukia Bwana Hosea. Meneja alisimama, akavuta koti lake la buluu, akakohoa. Alikuwa ameahidi kutosema neno, na ilionekana ahadi hiyo ilikuwa ikimchoma kuliko wiski. "Kanuni ya jinsia imefutwa," alisema. "Kuanzia sasa hivi. Na Jumatatu gari la kiwanda litakwenda Ludewa kumwomba Yustina arudi. Nitakwenda nalo mimi mwenyewe."

"Nami nitakuja," alisema Oliva. "Ananidai msamaha mimi kuliko wewe."

Hakujua kama Yustina angekubali. Hakuna mashine ya kutabiri hilo. Alichokijua ni kwamba miji kumi na moja ilikuwa imemponyoka asubuhi ile, na bado alijisikia amesimama wima kuliko siku zote za makofi.

Mama Skola alikuwa ameshaanza safu ya kwanza ya mapipa, wenzake wanne wakimfuata na ndoo na glasi, na wa tano akishika kitabu cha idhini. Pipa la kwanza alilinusa, akalionja, akatabasamu peke yake kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kumwuliza alikuwa akimkumbuka nani.

"Hili ndilo," alisema. "Mhandisi! Una mwandiko mzuri wewe, njoo uniandikie, mikono yangu ina maji."

Oliva alishuka jukwaani akakipokea kitabu cha idhini, kipya, kilichochapishwa kwa ajili ya uzinduzi, akakifungua. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari: *Jina la mwonjaji, mwanamume*. Alilikata neno la mwisho kwa kalamu, mara moja, kwa mstari ulionyooka. Akaandika kwa herufi kubwa: SKOLASTIKA NGAILO. Kisha akakimbia na kitabu mkononi, kwa maana Mama Skola alikuwa ameshafika pipa la pili na hakuwa mtu wa kumngoja mtu.